Stempu katika sanduku la marehemu

Familia zinapokaa kugawana mirathi, hapa Kilosa na hata Mikumi, macho huelekea nyumba, shamba na mifugo. Sanduku la barua hukumbukwa mwisho, na pengine yaliyomo huishia motoni. Kabla ya kufanya hivyo, tazameni stempu zake.

Zipo stempu zenye chapa ya juu, yaani stempu zilizogongwa maneno au thamani mpya. Kwetu zina historia ndefu. Serikali ya India ya Kiingereza ilifungua posta Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1868. Wafaransa wakafuata mwaka 1889, na Wajerumani mwaka 1890. Kwa kuwa soko la Unguja lilihesabu kwa rupia, Wafaransa walizigonga stempu zao thamani ya ana: santimu 5 zikawa nusu ana. Mwaka 1895 stempu za India nazo zikachapwa neno "Zanzibar".

Huku bara, mwaka 1893 Wajerumani walizigonga stempu zao thamani ya pesa, ambazo 64 zilifanya rupia moja. Stempu ya fenigi 3 ikawa ya pesa 2. Ya fenigi 50 ikawa ya pesa 25. Waingereza walipoiteka nchi, stempu za Afrika Mashariki na Uganda ziligongwa herufi "G.E.A." Na baada ya Mapinduzi ya 1964, stempu zenye sura ya Sultani ziligongwa maneno "Jamhuri 1964".

Ukiipata stempu ya namna hiyo, usiibandue. Bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka, kama "Kilossa" kwa tahajia ya Kijerumani, hueleza barua ilitoka wapi na lini. Stempu iliyobanduliwa hupoteza ushahidi huo. Ihifadhi pakavu, mbali na jua, wala usiitie gundi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Chapa ya juu ni rahisi kughushiwa, kwani stempu ya bei ndogo huweza kugongwa neno moja tu ikaitwa adimu. Basi mjuzi aiangalie kwanza. Muuzaji mwenye shaka aiseme, kwani kuficha kasoro ya bidhaa ni ghushi. Na mrithi asiiuze kimyakimya: hiyo ni mali ya marehemu, na kila mwenye fungu ana haki ndani yake, ijapokuwa ni kipande cha karatasi.