Je, Wajua "Respect" Ulianza Kama Wimbo wa Mwanamume?

Muulize mpenzi yeyote wa muziki wa soul "Respect" ni wimbo wa nani, atakujibu bila kusita: Aretha Franklin. Lakini aliyeutunga ni Otis Redding, kijana aliyekulia Macon, Georgia, na ndiye aliyeurekodi kwanza, Julai 1965, katika studio ya Stax mjini Memphis. Studio hiyo ilikuwa jumba la sinema la zamani, na sakafu yake ilibaki na mteremko ule ule wa kuelekea kwenye skrini. Aretha aliurudia New York tarehe 14 Februari 1967.

Zisikilize rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine, tena kwa spika yenye besi ya kueleweka.

Ya Otis inakwenda mbio, na inamalizika baada ya dakika mbili na ushee. Dramu za Al Jackson Jr. hazilegezi hata kidogo, na kila Otis anapovuta pumzi, tarumbeta na saksafoni zinamjibu. Alikuwa na kawaida ya kuwaimbia wapulizaji kwa mdomo kile alichotaka wapige, ndiyo maana ala zake zinasikika kama watu wanaojibizana. Anayeimba ni mwanamume anayerudi nyumbani na pesa mkononi. Yuko tayari kuyafumbia macho mengi, mradi akifika mlangoni apewe heshima yake. Sauti imekwaruza, ni ya mtu anayesihi. Naipenda sana rekodi hii, na huniuma inapotajwa kama rasimu ya ile ya pili. Ilifika nafasi ya 4 kwenye chati ya R&B na ya 35 kwenye chati kuu ya Billboard. Rasimu haifiki huko.

Aretha alikuwa akiuimba jukwaani kabla hajaingia nao studio. Siku ya kurekodi alikaa mwenyewe kwenye piano, waitikiaji wakiwa dada yake Erma na mdogo wao Carolyn. Hawa ni mabinti wa Mchungaji C. L. Franklin wa Detroit. Tangu utotoni walizoea utaratibu wa kanisani, mmoja anaita na wengine wanaitika. Maneno ya beti hayakubadilishwa sana. Lakini yakishatoka kinywani mwa mwanamke, hali nzima inageuka: ana pesa zake, hana kosa la kufumbiwa macho, wala hasihi. Anadai kilicho chake.

Kisha akaongeza yasiyokuwamo kabisa kwa Otis. Lile neno la jina la wimbo analitamka herufi moja moja, zote 7, huku ala zikipiga na kusita ili kila herufi isikike. Papo hapo ndugu zake wanadakia kwa kibwagizo kifupi cha haraka, wakikirudia rudia kama watu wapigao makofi. Watu wengi hawakumbuki beti hata moja ya wimbo huu, lakini herufi zile wanazo.

Kuna na kipande cha katikati, ambacho mimi nakiona ndicho ufundi wenyewe. Wimbo wa Otis haukuwa nacho. Aretha na wenzake waliazima mfuatano wa kodi kutoka wimbo wa Sam & Dave, "When Something Is Wrong with My Baby", wakampa King Curtis nafasi ya kupuliza saksafoni juu yake. Sasa tega sikio. Wimbo umetulia kwenye C. Saksafoni inaingia nusu toni juu ya F. Hesabu kwenye kinanda, vitufe vyeupe na vyeusi: hakuna sauti iliyo mbali na C kuliko hiyo. Ni kama mtu amefungua mlango wa chumba ambacho hukujua kimo ndani ya nyumba. Sekunde chache tu, kisha Aretha anarudi, na kurudi kwake kunagonga zaidi kuliko alivyoanza.

Juni 1967 rekodi yake ilishika namba moja Marekani kwa wiki mbili. Watu weusi waliokuwa wakidai haki zao waliufanya wimbo wao, na wanawake vilevile. Hata hivyo, kwa sheria ya Marekani, redio zinapopiga wimbo hewani malipo huenda kwa mtunzi na mchapishaji. Mwimbaji hapati kitu. Aretha alifariki Agosti 2018 sheria hiyo ikiwa haijabadilika.

Otis naye, Juni ile ile ya 1967, alipanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California. Kabla ya kuuimba aliwaambia watu kwa utani kwamba huu ni wimbo ambao binti mmoja amemnyang'anya. Kisha akauimba kwa namna yake, mbio zaidi hata ya rekodi. Ndege yake ilianguka katika Ziwa Monona, Wisconsin, tarehe 10 Desemba mwaka huo. Alikuwa na miaka 26.