Bunduki ya Upepo ya "Enzi za Mjerumani"

Bunduki kuukuu ya upepo ikitolewa kabatini Musoma, Bunda au Butiama, ni rahisi kuambiwa kwamba ni ya enzi za Mjerumani. Kauli hiyo hupandisha bei papo hapo, maana utawala wa Kijerumani kandokando ya Ziwa Viktoria ulivunjika mwaka 1916, Waingereza walipoitwaa Mwanza. Hoja yangu ni kwamba umri huo usikubaliwe kabla chuma chenyewe hakijasomwa. Bunduki haiwezi kuwa kongwe kuliko alama changa zaidi iliyogongwa juu yake kiwandani, na kanuni hii moja huangusha madai mengi.

Tuichukue Diana, chapa ya kiwanda cha Mayer & Grammelspacher kilichoanzishwa Rastatt mwaka 1890. Alama yake ni mungu wa kike wa uwindaji anayetupa upinde na kuinua bunduki. Mtu akiiona, na chini yake maneno "Made in Germany", hudhani kesi imekwisha. Lakini maneno hayo yalienea kwenye bidhaa baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, na yaliendelea kugongwa muda mrefu baada ya makoloni kupotea. Herufi D.R.G.M., za usajili wa maumbo ya kiufundi ulioanza mwaka 1891, zilitumika hadi 1945. Ikiwa imeandikwa "West Germany", basi ni ya mwaka 1949 au baadaye. Diana nyingi za baada ya Vita Kuu ya Pili zina hata mwezi na mwaka, kwa tarakimu ndogo nyuma ya silinda, ambazo kitambaa chenye mafuta kidogo hutosha kuzifichua. Na zipo Diana zilizotengenezwa Uskochi na kampuni ya Milbro, baada ya mitambo ya Rastatt kuhamishiwa Uingereza. Jina pekee, basi, halithibitishi hata nchi.

Njia za biashara nazo zinaelekeza kwingine. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zilisambaza bidhaa za Uingereza ziwani. Kwa hiyo bunduki ya kiwanda cha BSA cha Birmingham, yenye alama ya bunduki tatu zilizoegemezana, isishangaze Musoma. Kiwanda hicho kilianza kutengeneza bunduki ya upepo iliyobuniwa na Lincoln Jeffries mwaka 1905, na namba zake husaidia kukadiria kipindi. Ikiwa ya miaka hiyo ya mwanzo na haijaguswa, inaweza kuwa na thamani kuliko Diana inayosifiwa.

Wapo watakaosema kwamba hivyo tunawavunjia heshima wazee. Sivyo: mzee anaweza kujua nani aliimiliki na ilipita mikono gani, jambo ambalo chuma hakiwezi kusema, na historia hiyo huongeza thamani, hasa ikiwa na risiti, kibali au picha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vipuri hubadilishwa. Skrubu yenye kichwa cha msalaba, aina ambayo Henry Phillips aliipatia hataza miaka ya 1930, haithibitishi kwamba bunduki nzima ni changa. Huenda fundi aliiweka baadaye. Ndiyo maana nasisitiza alama za kiwandani kwenye silinda na mtutu, na kila kilichoongezwa kihesabiwe kama ukarabati.

Ukarabati wenyewe ndio huharibu zaidi. Weusi wa chuma uliotiwa kiwandani ni tabaka jembamba la oksidi ya chuma lililotengenezwa kwa makusudi. Kutu nyekundu, inayostawi katika hewa yenye unyevu wa ziwani, ni oksidi nyingine iliyoshika maji, nayo hula chuma. Msasa hauzitofautishi. Huondoa zote mbili, pamoja na tarakimu zinazobeba ushahidi. Muuzaji atadai kwamba bunduki inayong'aa hununuliwa haraka, na kwa anayetaka kulenga shabaha ni kweli. Mkusanyaji hulipia kile ambacho hakiwezi kurudishwa. Kabla ya mauzo yoyote polisi waulizwe, kwa kuwa sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 si jambo la kukisia. Ukarabati ukilazimu, kwa mfano ngozi ya pistoni ikikauka na bunduki ikakosa nguvu, ngozi hiyo ibadilishwe, na ile kuukuu itunzwe ndani ya bahasha pamoja na skrubu za asili.