Baiskeli ya Kericho Hainunuliwi Siku Moja

Sisi watu wa Pwani tunaijua Kericho kwa majani yake. Tangu mwaka 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa, majani yanayochumwa katika vilima vya Kericho na Bomet yamekuwa yakiteremshwa hadi maghala ya mjini kwetu, yakaonjwa, yakapigwa bei na kupakiwa melini kwenda ng'ambo. Lakini leo, ndugu msomaji, tuiache chai kidogo, tumtazame mtu wa huko anavyokwenda kazini, na hasa chombo anachokipanda.

Chombo chenyewe ni baiskeli, na kwa sura si kigeni kwetu. Ni ile ile nyeusi, ndefu, ya magurudumu ya inchi 28, yenye breki za vyuma badala ya waya, ambayo Wakenya wameibandika jina la nyoka koboko, Black Mamba. Asili ya umbo lake ni Uingereza, katika viwanda kama kile cha Raleigh mjini Nottingham. Baadaye Wahindi na Wachina walilichukua umbo hilo wakaliunda kwa bei nafuu zaidi. Hero ya Ludhiana, India, iliyoanzishwa mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai, ni majina yanayojulikana kote Afrika Mashariki. Anayeipanda Unguja au Malindi na anayeipanda Litein wamepanda chombo kimoja, kilichotoka dukani na vyuma vile vile.

Tofauti huanza siku ya pili baada ya kununuliwa. Kwetu, ardhi ni tambarare, na baiskeli ikishatoka dukani kazi kubwa iliyobaki ni kuipamba. Huko juu, ikitoka dukani haijawa baiskeli bado. Mwenyewe huimalizia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa kadiri ya mfuko wake na kwa kadiri mlima unavyomfunza.

Nchi ya kupanda na kushuka

Yafaa kwanza tuielewe nchi yenyewe. Mji wa Kisumu, ulio kando ya ziwa, uko kwenye kimo cha mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kericho uko karibu mita 2,000. Mwendo kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 80 hivi, na sehemu ya kwanza, kupitia Ahero hadi Awasi, ni uwanda wa Kano ambako baiskeli huteleza kama ngalawa kwenye maji shwari. Baada ya hapo njia huinuka.

Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kufungua mashamba ya chai huko Kericho miaka ya 1920, na katika miaka iliyofuata, wafanyakazi wengi walitoka Nyanza, Kisii na Magharibi, wakaungana na wenyeji Wakipsigis. Baiskeli ya uwandani ikipelekwa huko hukutana na vilima vinavyofuatana kama mawimbi ya kusi: ukimaliza kupanda unashuka, ukimaliza kushuka kuna mto na daraja, kisha unapanda tena. Ukiendelea kusini kuelekea Sotik na Bomet, hali ni hiyo hiyo.

Juu ya hayo kuna mvua. Kericho hunyeshewa karibu kila alasiri, mwaka karibu mzima, na ndiyo sababu chai imepapenda. Lami ikiisha huanza udongo mwekundu, nao ukilowa ni utelezi mtupu.

Kwanza kusimama

Mgeni hudhani shida kubwa ya vilima ni kupanda. Mwenye uzoefu anajua kwamba kupanda huchosha tu, na aliyechoka hushuka akaisukuma. Kinachoua ni kushuka. Kwa hiyo jambo la kwanza analolitengeneza mtu mwenye busara ni breki.

Breki za Black Mamba huvutwa kwa fimbo za chuma zinazobana raba kwenye ringi ya gurudumu. Ringi ni ya chuma kilichong'arishwa, na chuma hicho kikilowa huwa laini kama sabuni. Raba huteleza juu yake, na baiskeli iliyokuwa ikisimama kwa hatua chache wakati wa jua sasa inataka nafasi kubwa mno. Mpanda baiskeli hujifunza kubana breki polepole, mara kwa mara, kabla hajafika mteremkoni, ili raba zifute maji. Raba hubadilishwa kabla hazijaisha. Asiye na pesa za raba mpya hukata vipande vya tairi kuukuu. Fimbo hunyooshwa, misumari yake hukazwa, na pande mbili za ringi hupimwa zisije zikaenda upogo. Kazi hii haionekani kwa macho wala haimpi mtu sifa barabarani, lakini kutoifanya ni kuhatarisha maisha.

Hesabu ya meno

Breki zikishatengemaa, ndipo mtu hufikiria kupanda. Hapa fundi hufanya jambo dogo lenye faida kubwa: hubadilisha friwili, yaani lile gurudumu dogo la meno lililo nyuma.

Tuseme gurudumu la meno la mbele, penye pedeli, lina meno 48, na friwili ya dukani ina meno 18. Kila mguu unapozungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na zaidi ya nusu, na baiskeli husogea karibu mita 6. Uwandani hiyo ni raha. Mlimani ni adhabu, kwani mguu mmoja unatakiwa kuinua mtu, mzigo na chuma chenyewe, ambacho peke yake hukaribia kilo 20. Sasa weka friwili ya meno 22. Mzunguko mmoja wa pedeli hukusogeza chini kidogo ya mita 5. Kwa kilomita moja utazungusha pedeli mara 208 hivi badala ya 170, lakini nguvu inayotakiwa kwa kila mzunguko hupungua karibu moja ya tano.

Hakuna cha bure hapa. Mwenye friwili kubwa akifika tambarare miguu yake huchezacheza haraka bila kwenda mbali, na mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa pingili. Kwa hiyo kila mmoja huchagua kulingana na njia yake ya kila siku. Fundi aliyekomaa humwuliza mteja anakaa wapi na anafanya kazi wapi kabla hajataja bei.

Mzigo ndio mwamuzi

Hatua ya tatu huamuliwa na mzigo. Katika nchi hii baiskeli haimpeleki mtu kazini na kumrudisha tu. Hubeba maziwa, kuni, maji, viazi, magunia ya mbolea, na mgonjwa pia. Majani mabichi ya chai hayapendi kufungwa na kubanwa, kwani yakisongamana hupata joto na kuharibika kabla hayajafika kiwandani. Maziwa ndiyo mzigo unaoelewana zaidi na baiskeli, na Wakipsigis ni wafugaji tangu zamani. Madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, ni zaidi ya kilo 40, na mzigo huo huchezacheza kila tairi linapoingia shimoni.

Keria ya dukani, ile ya kubebea mizigo nyuma, haiwezi kazi hiyo. Huvunjwa, na mahali pake fundi wa kuchomelea huweka nyingine ya nondo, yenye miguu minne iliyofungwa kwenye ekseli. Keria mpya huleta tatizo jipya: spoki huanza kukatika. Baiskeli hizi kwa desturi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko uzito unakolala. Mwenye mzigo mkubwa huzing'oa zile za dukani na kuweka nene zaidi, kazi inayotaka sikio pamoja na mikono, kwani fundi huzigonga moja moja na kusikiliza kama zote zinalia sauti moja. Kisha huja tairi zito, gololi mpya na grisi kwenye ekseli. Ukitengeneza kimoja, jirani yake hudai zamu.

Mwisho kabisa huja mambo ya sura. Madigadi huongezewa ulimi wa mpira uliokatwa kutoka tairi la gari, ili tope lisimfikie karani aliyevaa shati jeupe. Taa ya dainamo hufungwa, maana mkamuaji wa alfajiri hutoka na ukungu. Kiti huvishwa kitambaa, usukani hupewa kioo, na kengele hung'arishwa hata kama kila kitu kingine kimeshika kutu.

Kama jahazi

Wazee wetu mabaharia watalielewa jambo hili upesi. Jahazi likikaa miaka mingi baharini, leo hubadilishwa tanga, mwakani mlingoti, mwaka wa tatu mbao za ubavuni. Hupandishwa pwani likakalafatiwa na kupakwa shahamu, na jina lake linabaki lile lile. Baiskeli ya Kericho ni hivyo hivyo. Baada ya miaka 15 huenda kilichobaki cha siku ya kwanza ni fremu tu, nayo ina viraka vya kuchomelea. Kila kipande kina tarehe yake: hiki cha bonasi ya chai, hiki cha ndama aliyeuzwa, hiki cha mwezi ambao ada za shule zilichukua kila kitu na kikawekwa cha mtumba.

Hapo ndipo penye maana kubwa ya chombo hiki. Ni mali inayokua bila deni. Mtu wa kipato kidogo hawezi kutoa pesa nyingi kwa mkupuo, lakini anaweza kununua raba mwezi huu na spoki mwezi ujao. Akikosa pesa husubiri, na baiskeli humsubiri pia. Hakuna anayekuja kuichukua.

Pikipiki na deni lake

Leo chombo hiki kimesongwa. Neno bodaboda lilizaliwa juu ya baiskeli, kule mpakani Busia, ambako watu walibebwa kutoka boda moja hadi nyingine. Lakini mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na katika miaka michache zikajaa vilima vyote. Hakuna wa kuzilaumu. Mlima ambao baiskeli huusota kwa nusu saa, pikipiki huumaliza kwa dakika chache. Ila wengi huzipata kwa mkopo wenye riba, na asiyelipa awamu hunyang'anywa akiwa ameshalipa nyingi. Msomaji wa Pwani hahitaji kufundishwa ubaya wa biashara ya namna hiyo.

Baiskeli nayo haijakaa kimya. Kupitia bandari yetu zimeingia zile za mitumba zenye gia nyingi, ambazo hupanda vizuri ila mnyororo wake mwembamba na waya zake hazipendi matope. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, limeleta Buffalo, baiskeli nzito ya chuma inayosimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume, na yenye keria ya kubeba kilo 100. Mwaka 2023 likatoa nyingine ya minyororo miwili, ambayo hubadilisha gia kwa kurudisha pedeli nyuma, bila waya wowote. Ukiitazama Buffalo utaona kwamba wahandisi wamefikia yale yale ambayo mafundi wa chini ya mti walikwisha kuyafikia: breki isiyoogopa maji na keria ya kweli, na ile ya 2023 imeongeza gia nyepesi ya mlimani.

Kinachotia wasiwasi ni mafundi wenyewe. Wateja wakihamia pikipiki, nao huhama, na elimu ya kusikiliza spoki haimo kitabuni. Kijana asipoiona ikifanywa, itakwenda na wazee.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyuma ya nyumba yako pana baiskeli kuukuu iliyoegemezwa ukutani, usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ipeleke kwa fundi, mwambie njia unayopita na mzigo unaobeba, na umwache aanze na breki.