Bahari na Mionzi (3): Mwanamke Aliyepima Siziamu ya Pasifiki

Tangu Agosti 24, 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, hofu haijatulia. China ilipiga marufuku samaki wa Japani siku hiyohiyo. Aliyefuatilia makala mbili zilizotangulia anajua bekereli ni nini na nusu-uhai ni nini, kwa hiyo leo niruhusiwe kumzungumzia mtu ambaye, kwa maoni yangu, angestahili kutajwa kila mionzi ya baharini inapojadiliwa: mwanakemia Katsuko Saruhashi.

Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Nguvu yake ilifikia tani milioni 15 za TNT, zaidi ya mara mbili ya ilivyotarajiwa. Meli ya Kijapani ya wavuvi wa jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa. Saa chache baadaye ikaanza kunyeshewa jivu jeupe: matumbawe yaliyosagwa na kuunguzwa na mlipuko, mfano wa chokaa itokayo tanuruni. Likawaingia wavuvi wote 23 machoni, puani na ndani ya nguo. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 23 mwaka huohuo. Masokoni jodari walipitishiwa vipima mionzi, na waliokutwa nayo wakatupwa au kufukiwa ardhini.

Marekani ilishikilia kwamba bahari ni pana, na mionzi ingezimuka upesi. Mwezi Mei Japani ikatuma meli ya utafiti, Shunkotsu Maru, nayo ikakuta maji na samaki wenye mionzi mbali sana na Bikini. Ndipo Saruhashi na mwalimu wake, Yasuo Miyake, wa taasisi ya utafiti wa hali ya hewa jijini Tokyo, wakajitwisha kazi ya kupima baharini siziamu-137, elementi yenye mionzi itokanayo na milipuko ya nyuklia. Si kazi ya kuchovya kifaa na kusoma namba. Siziamu hiyo ni kidogo mno, imejificha ndani ya chumvi tele. Lazima uchote maji mengi, uitenge kwa kemikali hatua baada ya hatua, na mkono ukiteleza mara moja tu hesabu yote imeharibika.

Vipimo vyao vilionyesha kuwa maji ya upande wa Japani yalikuwa na siziamu nyingi kuliko ya pwani ya magharibi ya Marekani. Wakatiliwa shaka. Mwaka 1962 Saruhashi akaenda taasisi ya bahari ya Scripps, California, akapima sambamba na mtafiti wa huko, Theodore Folsom, na njia yake ikathibitika kuwa ya kuaminika. Mwaka uliofuata Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zikatia saini mkataba wa kuacha majaribio ya nyuklia angani na chini ya maji. Saruhashi ndiye mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Tokyo, mwaka 1957. Ningefurahi sana kuliona jina lake katika vitabu vyetu vya sekondari, mabinti zetu walisome.

Turudi Fukushima. Mitambo ya kusafisha haiwezi kuondoa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, kwa kuwa imekuwa sehemu ya maji yenyewe. Kwa hiyo maji huzimuliwa hadi chini ya bekereli (kipimo cha mionzi) 1,500 kwa lita, ilhali kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Namba hizo hazinitishi. Kinachonikera ni kwamba kampuni inayomiliki kinu, TEPCO, ilikiri Julai 2013 tu kwamba maji machafu ya ardhini yalikuwa yakivujia baharini, miaka miwili baada ya ajali ya kinu hicho. Aliyeficha mwanzo asilalamike akishukiwa. Ndiyo maana nililipokea vizuri tukio la Oktoba 2024, wataalamu wa nje, Wachina wakiwemo, waliposhiriki kuchota sampuli pale pwani ili wakapime katika maabara zao wenyewe. Mpimaji asiwe yule anayefaidika na jibu.

Katika makala ijayo nitaeleza tritiamu inavyoingia na kutoka mwilini mwa samaki, na kwa nini siziamu ndiyo ya kuchungwa zaidi.