Kivuli na Mwenye Mwili: Ufunguzi wa Kiingereza katika Sataranji

Aghalabu mtu ajifunzaye sataranji hudhani kwamba, madhali majeshi mawili yamepangwa sawasawa, njia ya salama kwa mwenye kete nyeusi ni kumfuata mwenziwe hatua kwa hatua, kama kivuli kimfuatavyo mwenye mwili. Dhana hiyo ina kweli kidogo na hatari kubwa. Na ushahidi wake umo katika mchezo wa 8 wa kugombea ubingwa wa dunia, uliochezwa Reykjavik, Iceland, Julai 1972, baina ya Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti.

Fischer, ambaye ada yake ilikuwa kutanguliza kitunda cha mfalme, siku hiyo alisukuma hatua mbili kitunda cha ubavuni, kilicho mbele ya askofu wa upande wa malkia. Ufunguzi huo huitwa wa Kiingereza kwa sababu ya Howard Staunton, Mwingereza aliyeutumia alipopambana na Mfaransa Saint-Amant mjini Paris mwaka 1843. Spassky akajibu vivyo hivyo. Na kwa hatua 6, farasi kwa farasi, askofu kwa askofu, hata wafalme wote wawili walipokwisha kujihifadhi nyuma ya vitunda vyao, hapakuwa na tofauti ubaoni ila rangi.

Lakini mweupe ndiye mwenye zamu, na zamu ni rasilimali. Katika hatua ya 7 Fischer alipeleka kitunda cha malkia katikati, na usawa ukavunjika. Hatua ya 15, Spassky aliposukuma kitunda kilichokuwa mbele ya ngome yake iliyosimama nyumba ya b8, askofu mweupe alipenya mara moja hadi a7 akaikabili ngome ile. Ingekimbilia wapi? Nyumba ya b6 ililindwa na askofu huyo huyo. A8 na b7 zililindwa na mwenzake, aliyekuwa ametulia g2 tangu hatua ya 5. Ngome ikaenda kwa thamani ya askofu, nayo ni hasara kubwa. Na baada ya hatua ya 37 Spassky akasalimu amri, hesabu ya pambano zima ikawa 5 kwa 3, Fischer akiongoza.

Basi, ewe mwanafunzi wa sataranji, fuata nyayo za mwenzio ukipenda, ila kabla ya kugusa kete tazama kwanza askofu wake aliyenyamaza anaelekea wapi.