Mkanda Haupatikani Ofisini

Andiko la mradi wa karate kwa watoto wa familia zenye kipato duni huwa fupi na safi: idadi ya walengwa, mazoezi mara moja au mbili kwa wiki, mtihani kila baada ya miezi michache, na mwisho wa mwaka kila mtoto awe amepanda daraja. Mfadhili huelewa upesi kwa sababu mkanda unaonekana. Mtoto aliyevaa mweupe jana leo kavaa wa njano, picha inapigwa, taarifa inaandikwa. Lakini wahenga walisema mipango si matumizi, na Tottenham, kaskazini mwa London, imelipa gharama kubwa kulijua hilo.

Tottenham iko chini ya halmashauri ya Haringey. Ni makazi ya watu wenye asili ya Karibiani, Ghana, Uturuki, Somalia na Kongo, na katika maduka ya eneo la Seven Sisters si ajabu kusikia Kiswahili cha Kivu au cha Katanga. Kata ya Northumberland Park imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo maskini zaidi London, na papo hapo jirani umesimama uwanja mpya wa Tottenham Hotspur, uliofunguliwa Aprili 2019 ukiwa na viti zaidi ya 62,000 na kugharimu takriban pauni bilioni 1.

Mwaka 2011 halmashauri, ikibanwa na makato ya fedha kutoka serikali kuu, ilipunguza bajeti ya huduma za vijana kwa robo tatu, na vituo 8 kati ya 13 vya vijana vikafungwa. Tarehe 4 Agosti mwaka huo polisi walimpiga risasi na kumuua mwanamume aitwaye Mark Duggan, na siku mbili baadaye Tottenham ikawaka moto. Haitakuwa haki kudai kwamba milango iliyofungwa ndiyo iliyoleta ghasia, kwani uhasama kati ya wakazi na polisi ni wa tangu enzi za ghasia za mtaa wa Broadwater Farm mwaka 1985. Hata hivyo, watoto waliokuwa na mahali pa kwenda jioni walinyang'anywa mahali hapo, na walionyang'anywa waliona. Kisha ikaja mipango mikubwa. Mmoja wao, ubia wa halmashauri na kampuni ya Lendlease uliokadiriwa kuwa na thamani ya pauni bilioni 2, ulifutwa mwaka 2018 baada ya wakazi kuupinga kwa nguvu.

Mipango ya mabilioni huja na kuondoka. Darasa dogo la karate katika ukumbi wa kukodi huishi au kufa kwa mambo ambayo hayapewi hata mstari mmoja kwenye andiko. Ukumbi ukipata mteja wa harusi, mazoezi ya Jumamosi yamekwisha. Mwalimu anayejitolea lazima achunguzwe rekodi ya uhalifu kabla hajakabidhiwa watoto. Kila mwanafunzi anahitaji leseni ya mwaka yenye bima, nguo za karate, na ada ya mtihani wenyewe. Na mzazi mwenye watoto watatu huzidisha yote hayo mara tatu. Basi ni bure kwa watoto London, lakini mtoto wa miaka 7 hawezi kupanda peke yake gizani jioni ya Novemba, na mama yake ndiyo kwanza anaingia zamu ya kufagia maofisi.

La kuumiza zaidi ni makazi. Familia isiyo na nyumba huwekwa na halmashauri katika makazi ya muda, na inaweza kuhamishiwa mtaa mwingine, hata nje ya London kabisa, kwa taarifa ya siku chache. Mtoto aliyebakiza majuma mawili afanye mtihani anajikuta mbali na dojo yake, yaani ukumbi wake wa mazoezi. Kwenye taarifa ya mradi ataandikwa kuwa ameacha, ilhali yeye hakuacha chochote. Amehamishwa.

Ndiyo maana siku ya mtihani inastahili kutazamwa kwa makini. Watoto hupangwa mstari kwa daraja, wenye mikanda ya juu upande wa kulia, weupe mwisho kushoto. Utaona mikono ya nguo iliyokunjwa mara mbili, kwa sababu mzazi alinunua kubwa ili mtoto adumu nayo. Mtahini hukaa nyuma ya meza ndogo na kalamu yake. Kwanza ni mapigo na kinga za msingi, halafu kata, yaani mfuatano maalumu wa hatua na mapigo, halafu mapambano ya kupangwa kati ya wawili. Katika mtindo wa Shotokan, kata ya wanaoanza ni Heian Shodan. Ina hatua 21. Mtoto hugeuka kushoto na kukinga chini, hupiga ukelele katika hatua ya 9 na ya 17, na mwishowe anatakiwa arudi palepale alipoanzia. Akiishia nusu mita kando, mtahini anajua kuna hatua iliyokuwa fupi au mguu uliogeuka vibaya. Wala hakuna maneno ya kujitetea. Mtoto ambaye shuleni huambiwa kila siku kwamba ana matatizo, hapa anaambiwa jambo moja linalorekebishika: goti lako la mbele halikunjiki vya kutosha.

Kata hiyo ilitungwa kwa ajili ya watoto. Anko Itosu wa Okinawa aliingiza karate katika shule za msingi kuanzia mwaka 1901, na kwa ajili ya wanafunzi akatunga mfululizo wa kata rahisi zaidi ambao baadaye Gichin Funakoshi aliuita Heian. Mkanda mweusi ulitokana na judo ya Jigoro Kano katika miaka ya 1880, na mikanda ya rangi ilianza kutumika mapema katika klabu ya Budokwai, iliyoanzishwa jijini London mwaka 1918. Rangi ziliwekwa ili mwanafunzi apate hatua za karibu za kufikia, asikate tamaa njiani.

Hapo ndipo penye mtego wa miradi. Mfadhili akiahidiwa idadi ya mikanda, mtahini anasukumwa kupitisha kila mtu, na watoto ni wepisi mno kutambua kitu cha bure. Mwaka 1986 Michael Trulson alichapisha utafiti juu ya vijana 34 wakorofi nchini Marekani waliofuatiliwa kwa miezi 6. Waliofunzwa taekwondo kwa njia ya jadi, yenye heshima, tafakuri na subira, walipungua ukali. Waliofundishwa kupigana tu walizidi. Kundi ni dogo, lakini funzo linaingia akilini: mtoto hubadilishwa na namna anavyofundishwa.

Afrika Mashariki tuna la kuchangia hapa. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliziwekea timu za soka sharti la kusafisha mtaa, na usafi huo ukaingia kwenye msimamo wa ligi kama pointi. Vijana wenyewe wakawa waamuzi, makocha na viongozi. MYSA imedumu kwa sababu kazi ilikuwa mikononi mwa wenye mtaa, na kwa sababu walihesabu jambo walilolitaka kweli.

Uingereza nayo imejifunza kiasi. Tangu mwaka 2021 serikali imegharamia kote England michezo pamoja na mlo wakati wa likizo kwa watoto wanaopata chakula cha bure shuleni, kwani mtoto mwenye njaa hafundishiki. Tuongeze hatua nyingine. Andiko la mradi wa karate liweke fungu la nauli ya mtu mzima wa kuwasindikiza wadogo, fungu la ada za mtihani ambalo mzazi haombi kwa aibu, na mpango wa kumkabidhi mtoto aliyehamishwa kwa dojo iliyo karibu na makazi yake mapya, pamoja na rekodi ya daraja lake. Liwape vijana wakubwa mafunzo na posho ili wawe walimu wa kesho.

Na taarifa ya mwisho wa mwaka ianze na idadi moja ambayo wafadhili hawajazoea kuiomba: watoto wangapi waliambiwa bado hawajafikia kiwango, wakarudi mazoezini wiki iliyofuata. Mtoto anayerudi baada ya kushindwa ameshapata kile ambacho mkanda uliwekwa kukipima. Mradi unaoweza kuonyesha watoto wa namna hiyo Tottenham unastahili kugharamiwa miaka kumi, si miezi kumi na miwili.