Mng'ao Unaoiba Kijani cha Maporomoko

Swali la juma hili limetoka kwa msomaji wa Nakuru aliyewapeleka wanawe Nyahururu kutazama maporomoko ya Thomson. Anaandika kwamba kwa macho aliona kangaga za kijani kibichi na mwamba mweusi tititi, lakini picha zilitoka zimepauka: majani yana weupe, mawe yana weupe, na maji yenyewe yamepotelea ndani ya weupe huo. Anauliza kama wakati umefika wa kuachana na simu na kununua kamera kubwa.

Bado, ndugu yangu. Kamera kubwa ingenasa weupe uleule. Kitu cha kununua kwanza ni filta ya polaraizi, kile kioo cha duara chenye rangi ya moshi kinachozungushwa mbele ya lenzi, na ambacho madukani hutambulika kwa herufi CPL. Mambo ya ISO, tundu la lenzi na mpangilio wa fremu yameandikwa vya kutosha kwingineko. Leo nataka tukae na filta hii, kwa kuwa sijui kifaa kingine cha mpiga picha kinachotumia kanuni nzuri kiasi hiki.

Pale Nyahururu, Mto Ewaso Narok unaporomoka mita 74 hadi bondeni. Joseph Thomson, mwanajiolojia kutoka Scotland, aliyafikia maporomoko hayo mwaka 1883 na kuyapa jina la baba yake. Maji yakigonga chini hutawanyika kuwa manyunyu, na manyunyu hulowesha kila jani na kila jiwe lililo karibu. Kila kitu huvaa ngozi nyembamba ya maji. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuharibia picha.

Nuru inayokufikia kutoka kwenye jani lililolowa ni ya aina mbili. Ya kwanza imeingia ndani ya jani, ikanyang'anywa sehemu kubwa ya wekundu na buluu, ikatoka ikiwa kijani. Ya pili haikuingia kabisa. Ilidunda juu ya ngozi ya maji, nayo inakuja na rangi ya kule ilikotoka, yaani weupe wa anga. Ukiyatazama maji kwa mshazari wa wastani, takriban asilimia 4 ya nuru ya anga hudunda namna hii. Ni kidogo, lakini mwamba mweusi uliolowa nao hurudisha nuru kidogo sana, na anga la mawingu hung'aa kuliko chochote kilichoko bondeni. Asilimia 4 ya anga yatosha kuufunika mwamba. Ukiwa pale pale hulioni tatizo, kwa sababu macho yako mawili huuona mng'ao mahali tofauti kidogo, kichwa kinasogea, na ubongo unaupuuza. Lenzi moja iliyotulia haina hila hiyo.

Filta inajuaje nuru ipi imetoka ndani ya jani na ipi imedunda juu yake? Nuru ni wimbi linalotikisika kukingama na njia yake. Ifikirie nuru ya jua kama mkeka. Mkeka umesukwa kwa chane za ukindu zinazosimama na chane zinazolala, nusu kwa nusu, zimeshikana hata huoni nusu moja bila nyingine. Ndivyo ilivyosukwa nuru ya jua: mtikisiko wa wima na mtikisiko wa mlalo kwa kiasi sawa. Mkeka huo ukiangukia maji, maji huanza kuufumua. Chane za wima huzama kwa urahisi, za mlalo hudunda kwa wingi zaidi. Na ipo pembe moja ambapo mfumuo unakamilika, hakuna hata chane moja ya wima inayodunda. Kinachofika machoni hapo si mkeka tena, ni rundo la chane zilizolala zote upande mmoja.

Ndani ya jani mambo huenda kinyume. Nuru iliyopenya hugongana na chembe huku na kule, ikivurugwa mara nyingi, na hutoka ikiwa imesukwa upya, wima na mlalo pamoja. Sasa weka filta. Filta ni mkono unaong'oa chane za upande mmoja tu. Izungushe mpaka ing'oe za mlalo: mng'ao wa maji unatoweka, kwa kuwa haukuwa na chane nyingine. Kijani cha jani kinapoteza nusu yake, na nusu iliyobaki bado ina rangi yote.

Na kwa nini iwepo pembe hiyo moja? Hapa ndipo kanuni inaponifurahisha zaidi. Nuru ikiingia majini huzitikisa elektroni za maji, na elektroni zinazotikisika hutoa nuru yao wenyewe. Mwale unaodunda ni kazi ya mikono yao. Lakini elektroni hutupa nuru ubavuni. Haitupi hata kidogo kuelekea upande ule ule inakotikisikia. Chora basi kwenye karatasi mwale unaozama na mwale unaodunda. Uko mkao mmoja ambapo miale hiyo miwili inaachana kwa pembe mraba. Katika mkao huo, elektroni zilizotikiswa na chane za wima zinakuwa zinapiga mtikisiko wao moja kwa moja kuelekea kwenye njia ya mwale wa kudunda, na huko haziwezi kutupa chochote. Mwale huo wakosa wa kuuumba. Kwa maji, mkao huo ni nyuzi 53 kutoka kwenye wima, maana yake mtazamo wako unakutana na uso wa maji kwa nyuzi 37 hivi. Jani lina nta na pembe yake hutofautiana kidogo. Wewe zungusha tu huku ukitazama.

Nuru iliyofumuliwa hivi tuiiteje? Wengi husema “nuru iliyopolaraiziwa”, tamko linalochosha ulimi. “Nuru nyoofu” hainiridhishi, maana nuru zote angani hufuata mstari ulionyooka. “Nuru iliyochujwa” yaweza kuwa nuru ya rangi moja. Mimi naisimamia “nuru ya mkao mmoja”, kwa kuwa inamwambia anayezungusha filta kwamba anachotafuta ni mkao.

Aliyeitambua nuru hiyo katika mdundo ni Mfaransa Étienne-Louis Malus. Mwaka 1808 jijini Paris alitazama machweo yaliyodunda kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg, akitumia fuwele ambayo huonyesha kila kitu mara mbili. Alipoizungusha, taswira zile mbili zikawa zinapokezana kufifia. David Brewster wa Scotland aliipata kanuni ya pembe mwaka 1815. Kisha Mmarekani Edwin Land, mwaka 1929, akaombea hataza utando mwembamba unaofanya kazi ya fuwele, na utando wa namna hiyo ndio uliomo katika filta zetu. Wadudu wametangulia: kereng'ende huyatambua maji kwa nuru ya mkao mmoja, na ndiyo maana wakati mwingine hujaribu kutaga mayai juu ya gari linalong'aa.

Twende bondeni na filta yetu. Povu jeupe la maporomoko halifumuliki, maana nuru yake imevurugwa na viputo na matone mengi mno. Mwamba unarudia weusi wake, kangaga zinarudia kijani, povu linabaki jeupe, na maporomoko yanajitenga waziwazi na ukuta wa nyuma. Kama kuna upinde wa mvua katika manyunyu, uwe mwangalifu, kwa kuwa nao ni nuru ya mkao mmoja, na mkao wenyewe hufuata mkunjo wa upinde. Mzunguko mmoja wa filta waweza kufuta kilele chake, na mwingine ukakiangaza kuliko ulivyokiona kwa macho.

Filta hula nusu ya nuru na zaidi, hivyo kamera italazimika kubaki wazi kwa muda mara mbili hadi nne. Kwa maporomoko hiyo ni neema. Tone lililoanguka mita 5 lina kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde linasogea sentimita 1, na picha inaligandisha. Katika robo ya sekunde linapita zaidi ya mita 2 na kuchora uzi mrefu, na nyuzi hizo kwa maelfu ndizo pazia laini unalolitamani. Tumia tripodi, nenda asubuhi mapema au siku ya mawingu, na acha anga nje ya fremu.

Mwenye simu atumie miwani ya jua ya polaraizi. Ihakiki kabla ya kulipa: itumie kutazama skrini ya kompyuta, uizungushe polepole. Skrini ikiingia giza, miwani ni ya kweli. Ukiwa kwenye maporomoko ishike mbele ya lenzi kama inavyokaa usoni, na ukiilaza simu kupiga picha pana, miwani ibaki ilivyo, kwa sababu mlalo tunaouondoa ni wa maji.

Wapo wanaotegemea programu ya kuhariri. Programu itaongeza kijani, lakini itakiongeza juu ya mng'ao, maana kihisi cha kamera huandika ukali na rangi ya nuru tu. Mkao wa mtikisiko haukuandikwa popote, na ambacho hakikuandikwa hakirudishwi. Kazi hii hufanywa kabla ya kubonyeza.

Jaribu kwanza nyumbani. Tia sarafu katika sufuria ya maji, iweke karibu na dirisha, simama mahali ambapo mng'ao wa dirisha unaifunika sarafu, kisha zungusha filta au miwani. Sarafu itajitokeza. Inama na uinuke, uone mng'ao unavyorudi na kuondoka kadiri unavyokaribia zile nyuzi 37. Jicho likishaizoea pembe hiyo, utaanza kuitafuta katika kila mto na kila mwamba uliolowa, na pa kusimamisha tripodi utapajua kabla hujaifungua.